Wadudu wa mpunga: tafuta kasoro kabla ya kufungua chupa ya dawa

Dawa inayomla mkulima wa mpunga hela nyingi kuliko zote ni ile aliyoipuliza mahali ambapo hakukuwa na mdudu wa kuua. Inayofuata ni ile iliyompata mdudu mwenyewe, lakini wiki mbili baada ya kumaliza uharibifu wake. Bei kubwa ya dukani inakuja nyuma sana ya hizo mbili. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na majina ya dawa. Unaanza na kile unachokiona shambani, unashuka hadi kwenye chanzo, na hapo ndipo inajulikana kama kuna cha kupuliza. Mara nyingi hakuna.

Hesabu kwanza

Ingia shambani asubuhi, kata mshazari kutoka kona hadi kona, simama kwenye mashina 20 bila kuyachagua. Ukichagua kwa macho utachagua yaliyoharibika tu. Kila mtu hufanya hivyo. Kwa kila shina hesabu machipukizi yote, kisha yaliyoathirika. Tuseme mashina 20 yana machipukizi 300 na 18 kati yake yamekauka moyo: hiyo ni asilimia 6. Andika namba na tarehe, urudie baada ya siku 5 hadi 7. Namba ya leo peke yake haikuambii kama tatizo linapanda au limeshasimama.

Ukiwa hapo hapo, panua machipukizi uangalie chini karibu na maji. Hesabu pia wadudu rafiki: buibui, kunguni wadogo wa kijani wanaokula mayai ya wadudu wengine, kereng'ende, nyigu wadogo. Ukikuta buibui kwenye karibu kila shina, ujue tayari una wafanyakazi wasiolipwa, na chupa utakayofungua itawaua wao kwanza.

Jani la katikati limekauka, yanayolizunguka ni mabichi

Shika jani kavu ulivute taratibu kwenda juu. Likitoka bila ubishi na ncha yake ya chini imetafunwa au imeoza, huo ni moyo mfu. Usiishie hapo. Chukua wembe, pasua chipukizi kuanzia kwenye mizizi kwenda juu. Ukikuta kiwavi mwenye kichwa cha kahawia na miguu, amelala kwenye unga unyevunyevu wa kinyesi chake, huyo ni bungua wa mashina. Ukikuta funza asiye na miguu wala kichwa kinachoonekana, hasa kwenye mpunga mchanga barani Afrika, mshukiwa ni nzi wa Diopsis, yule ambaye macho yake yamekaa kwenye ncha za vijiti viwili kichwani. Na kama chipukizi limekatwa mshazari juu kidogo ya udongo na kuachwa limelala, hakuna mdudu hapo. Huyo ni panya, na hakuna dawa ya wadudu itakayomsaidia mtu.

Sasa umeshajua ni bungua. Je, upulize? Inategemea umri wa mpunga. Mpunga ambao bado unachipua hufidia machipukizi yaliyokufa kwa kutoa mengine, ndiyo maana wataalamu wengi hutumia asilimia 10 ya mioyo mifu kama mpaka wa kuanza kufikiria dawa katika hatua hiyo. Asilimia 6 ya mfano wetu haifiki. Inatisha macho, haitishi ghala. Mpunga unaokaribia kubeba mimba hauna tena muda wa kufidia, kwa hiyo hapo, suke linapoanza kukua ndani ya bua, mpaka unashuka sana.

Hapa ndipo hela nyingi hupotea: kiwavi akishaingia ndani ya bua, dawa ya kugusa, ile inayoua tu mdudu iliyemgusa, haimfikii. Unaweza kulowesha shamba zima kwa pairethroidi, kundi la dawa za kugusa, na yeye akaendelea kula kwa amani. Dirisha la kumpata ni dogo, kati ya mayai kuanguliwa na kiwavi kutoboa bua, jambo la siku chache tu. Kwa hiyo usihesabu mioyo mifu peke yake. Tafuta nondo wanaoruka jioni na vitita vya mayai kwenye majani. Aina nyingine hutaga vitita vilivyofunikwa manyoya ya rangi ya udongo mweupe, nyingine hupanga mayai kwa safu zinazopandana kama magamba ya samaki. Ukiona vimeongezeka kwa ghafla, panga kupuliza siku zile mayai yanapoanguliwa, na utumie dawa inayopenya ndani ya mmea, kwa mfano ya kundi la dayamidi, si ya kugusa tu.

Kuna njia tatu za bure ambazo huwa nazitanguliza. Okota vitita vya mayai kitaluni, ambako eneo ni dogo. Punguza ncha za majani ya miche siku ya kupandikiza, kwa sababu baadhi ya bungua hupenda kutaga karibu na ncha. Na baada ya kuvuna, kata mabua chini kabisa, kisha lima au funika kwa maji. Bungua mweupe wa Afrika, Maliarpha, hukaa sehemu ya chini kabisa ya bua na hubaki kwenye visiki akisubiri msimu ujao. Huyu hata mioyo mifu haileti sana; yeye hudhoofisha tu na kukuachia masuke mepesi, kwa hiyo usipopasua bua hutajua kuwa yupo.

Suke limetoka jeupe, limesimama wima, halina punje

Livute. Likichomoka kirahisi na chini yake pametafunwa, ni bungua tena. Lisipochomoka, angalia shingo, pale suke linapoanzia: ikiwa nyeusi au ya kahawia na imesinyaa, huo ni ugonjwa wa kuvu, mlipuko wa shingo, na dawa ya wadudu hapo ni maji yenye harufu. Kama weupe umekuja kwa mkupuo kwenye kiraka kilichokosa maji wakati wa kuchanua, ni ukame.

Katika hali zote tatu jibu la leo ni moja: usipulize dawa ya wadudu. Suke lililokwisha kuwa jeupe halijazwi na kitu chochote. Chukua asilimia yake uandike pamoja na aina ya mbegu na tarehe ya kupanda. Taarifa hiyo ndiyo itakayokuambia msimu ujao kama inafaa kuwavizia nondo mpunga unapokaribia kubeba mimba.

Shamba linageuka njano

Hili ndilo linalomkimbiza mtu dukani haraka kuliko dalili nyingine yoyote, ilhali mara nyingi halina uhusiano na mdudu.

Njano iliyoanza kwenye majani ya chini, ya zamani, na imetapakaa sawasawa karibu shamba zima: ni njaa ya naitrojeni. Vidoa vidogo vya kahawia vinavyoanzia kwenye ncha za majani ya zamani, kisha jani zima linakuwa la rangi ya shaba, na mizizi ukiing'oa imevikwa utando wa kahawia iliyokolea: ni chuma kimezidi, kawaida kwenye bonde lenye maji yasiyotoka. Mimea imedumaa wiki ya 2 hadi ya 4 baada ya kupandikiza, ina madoa ya kutu na vitako vya majani vimepauka: fikiria upungufu wa zinki. Ncha zimeungua na kwenye kingo za jaruba kuna utando mweupe wa chumvi: jibu liko wazi.

Kinachohusu wadudu ni kimoja hasa: virusi vya manjano ya mpunga, ambavyo baadhi ya wakulima huviita kimyanga. Viliripotiwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1966 na ni tatizo la Afrika. Dalili yake ni michirizi ya njano na kijani kwenye majani machanga, mimea imedumaa kwa viraka, na masuke hayatoki vizuri. Mbawakavu wanaokula majani huvisambaza, lakini vile vile mikono, mapanga na miche iliyoguswa. Mmea ulioambukizwa hauponi. Kupuliza baada ya kuona njano ni kuchelewa. Kinachosaidia ni kung'oa mashina yenye dalili mapema, kuondoa mpunga uliojiotea na magugu ya jamii ya nyasi, kupanda mbegu inayostahimili, na kama mbawakavu ni wengi, kuwadhibiti kitaluni. Kitalu mara nyingi ni sehemu moja ya kumi ya shamba au chini ya hapo, kwa hiyo hata dawa yake ni sehemu ndogo ya ile ambayo ungeimwaga shambani baadaye.

Majani yamekwanguliwa, yamekunjwa, yamekatwa

Michirizi myeupe iliyonyooka kufuata mishipa ya jani, na mbawakavu wadogo weusi wenye miiba mgongoni: ni hispa. Huanza kwa viraka, kwa hiyo puliza viraka hivyo na mita chache kuvizunguka, basi. Kupuliza shamba lote kwa sababu ya kona moja ni zawadi kwa muuzaji.

Jani limekunjwa kwa urefu na ndani limekwanguliwa kijani chote: ni kiwavi mkunja majani. Ni mdudu anayeonekana vibaya kuliko anavyodhuru. Mpunga mchanga una majani ya ziada, unavumilia uharibifu mkubwa bila mavuno kupungua. Utafiti uliofanywa Asia ndio uliozaa kanuni ya kutopuliza dawa ya wadudu wa majani katika siku 40 za mwanzo. Naiona ni kanuni nzuri kwa karibu kila mtu. Hadithi hubadilika jani la bendera, lile la mwisho chini ya suke, likianza kuliwa kwa wingi. Hilo ndilo linalolisha punje, nalo hulindwa.

Vipande vya majani vimekatwa na kuviringishwa kuwa vifuko vinavyoelea juu ya maji: ni kiwavi wa vifuko. Ondoa maji kwenye jaruba kwa siku 2 hadi 3. Hana namna ya kuishi pakavu, na hakuna chupa iliyofunguliwa.

Viwavijeshi ni kinyume chake. Huingia kutoka pembeni kwa kundi, hula usiku, na wanaweza kumaliza majani kwa siku chache. Hapa uharaka ni wa kweli. Kama maji yapo, panua kina ili viwavi walazimike kupanda juu; puliza jioni, kwenye ukanda wanakotokea, na wakiwa wadogo. Kiwavi mkubwa aliyebakiza siku chache kuingia ardhini hugharimu dawa nyingi na ameshakula alichotaka kula.

Chipukizi limegeuka bomba la kijani hafifu, kama jani la kitunguu

Ni nzi wa uvimbe. Chipukizi hilo halitatoa suke, na funza yuko ndani ambako dawa haifiki. Achana nalo. Suluhisho liko kwenye kupanda kwa pamoja na majirani, mbegu inayostahimili, na kupunguza mbolea ya naitrojeni iliyozidi.

Viraka vya mviringo vinakauka, vinapanuka kila siku

Panua mashina pembeni ya kiraka, pale bado ni kijani, uangalie kuanzia kwenye maji hadi shubiri moja juu. Wakiwa ni warukaji wa kahawia, wadudu wanaofyonza utomvu wa bua, utawaona wamejipanga kwenye bua, wadogo, wanakwenda upande upande na kuruka ukiwagusa. Bua linanata, lina ukungu mweusi. Katikati ya kiraka hutakuta wengi kwa sababu wameshahama. Ndiyo maana nasema uangalie pembeni.

Swali la kuuliza ni: nini kilipulizwa hapa wiki tatu au nne zilizopita? Mara nyingi jibu ni dawa ya bei rahisi, ya kuua kila kitu, iliyopulizwa mapema kwa ajili ya wakunja majani. Dawa hiyo iliua buibui na kunguni wala mayai. Mayai ya mrukaji yametagwa ndani ya ngozi ya bua, kwa hiyo yalisalimika. Yakaanguliwa kwenye shamba lisilo na adui hata mmoja. Jike moja hutaga mayai kwa mamia. Hesabu iliyobaki unaijua.

Hili si jambo la kufikirika. Indonesia, mwaka 1986, mashamba yaliteketezwa na mrukaji wa kahawia licha ya dawa kupulizwa kwa wingi kwa ruzuku ya serikali. Rais Suharto akatoa agizo lililopiga marufuku matumizi ya dawa 57 kwenye mpunga, na ruzuku ikaondolewa hatua kwa hatua hadi mwaka 1989. Uzalishaji wa mpunga haukuporomoka.

Kwa hiyo ukikuta warukaji, ondoa pairethroidi kwenye mawazo yako kabisa. Toa maji jarubani siku 3 hadi 4, ikiwa udongo unaruhusu. Simamisha naitrojeni. Kama idadi inaendelea kupanda kwenye hesabu ya pili, tumia dawa inayowachagua. Buprofezini, kwa mfano, huzuia watoto wao kujivua ngozi; wakubwa haiwaui, na matokeo huonekana baada ya siku kadhaa, si jioni ile ile. Watu wengi hupuliza leo, huona wadudu kesho, huongeza dawa nyingine kesho kutwa, na hawajui tena ipi ilifanya kazi. Dawa nyingine, imidaklopridi, ilikuwa tegemeo kwa miaka, lakini usugu dhidi yake umeenea sana kwa mrukaji huyu barani Asia. Na chochote utakachotumia, elekeza nozeli chini kwenye mabua. Dawa iliyobaki juu ya majani haimkuti mdudu anayeishi kwenye kitako cha shina.

Punje ni tupu au zina madoa

Kunguni wa mpunga hufyonza punje zikiwa kwenye hatua ya maziwa. Wana harufu kali. Wengine unawanusa kabla ya kuwaona. Bonyeza punje: ikitoa maziwa na kunguni wako kwenye masuke, hapo kuna sababu ya kuhesabu na pengine kupuliza. Punje ikishakuwa ngumu, waache.

Kabla ya kuwalaumu, kumbuka kilichotokea wakati wa kuchanua. Joto la kupita nyuzi 35 saa za maua kufunguka, baridi ya chini ya nyuzi 20 wakati wa mimba, au ukavu wa siku chache, vyote huacha punje tupu zisizo na alama ya mdomo wa mdudu. Kama ni lazima kupuliza kipindi hiki, fanya jioni. Maua ya mpunga hufunguka kuanzia asubuhi ya saa tatu nne hadi mchana, na nyuki pia hufuata chavua saa hizo.

"Nimepuliza, hawafi"

Sasa tuko kwenye malalamiko ambayo huishia na mtu kuongeza dozi maradufu. Usiongeze. Kasoro ziko mahali panapojulikana, na nazipanga kuanzia ile ninayoikuta mara nyingi.

*Kiasi cha maji na dawa hakikupimwa.* Lebo nyingi hutoa dozi kwa hekta, mkulima hupima kwa kifuniko kwa kila bomba la kupulizia. Kati ya hivyo viwili kuna mwendo wa miguu yako, ambao hakuna mtu mwingine aliye nao. Pima: weka alama eneo la mita 10 kwa 10. Jaza bomba maji matupu hadi alama unayoijua, puliza eneo hilo kwa mwendo wako wa kila siku, kisha jaza tena kwa chombo chenye vipimo uone yametumika lita ngapi. Yakiwa lita 3, basi unatumia lita 300 kwa hekta. Bomba la lita 15 linamaliza mita za mraba 500, na hekta inahitaji mabomba 20. Lebo ikisema mililita 400 kwa hekta, kila bomba linapata mililita 20. Kwa ekari moja ni mabomba 8 hivi na mililita 160.

Sasa fikiria jirani anayetembea polepole na kutumia lita 600 kwa hekta huku akiweka mililita 20 zile zile kwa bomba. Mabomba 40, mililita 800. Amenunua dawa mara mbili bila kujua. Na anayekimbia, akamaliza hekta kwa mabomba 10, ameweka nusu dozi. Wadudu wenye nguvu kuliko wenzao wamebaki hai na ndio watakaozaa. Wote wawili watasema dawa ni mbovu.

*Nozeli imechakaa au si yake.* Nozeli inayopuliza kwa umbo la koni yenye uwazi katikati ndiyo inayofaa dawa za wadudu. Ile ya feni, inayopuliza bapa, ni ya magugu. Pima maji yanayotoka kwa dakika moja, ulinganishe na nozeli mpya ya aina hiyo hiyo. Ikitoa zaidi kwa asilimia 10, tupa. Nozeli ndicho kifaa rahisi kuliko vyote kwenye kazi hii, na ndicho kinachoachwa hadi kiwe tundu la mviringo lisilo na umbo.

*Maji.* Maji ya mfereji yenye tope hufunga baadhi ya dawa, hasa pairethroidi, kwenye chembe za udongo. Zikifika kwenye jani hazina kazi. Acha yatulie, chuja kwa kitambaa. Maji yenye chumvichumvi za chokaa, yenye pH ya zaidi ya 8, huvunja dawa za organofosfeti ndani ya bomba; usichanganye asubuhi ukapuliza jioni.

*Saa na hali ya hewa.* Upepo, jua kali la mchana, mvua iliyonyesha kabla dawa haijakauka. Hili kila mtu analijua na kila mtu analipuuza siku kibarua alipokwisha kulipwa.

*Chupa yenyewe.* Angalia lakiri, namba ya usajili, namba ya toleo, tarehe ya mwisho. Dawa za mafuta zinazochanganyika na maji zinapaswa kugeuka nyeupe kama maziwa ukizimimina. Mafuta yakielea juu, au ukiona chembe zimeganda chini na hazichanganyiki hata ukitikisa, usiipeleke shambani.

*Usugu.* Hii ni ya mwisho kwenye orodha kwa makusudi, maana ndiyo inayosingiziwa zaidi. Kuijaribu ni rahisi. Kusanya viwavi wa ukubwa mmoja. Chovya majani kwenye dawa iliyochanganywa kwa kipimo cha lebo, mengine kwenye maji matupu, yaache yakauke, weka viwavi 10 kwenye chombo cha kila kundi. Angalia baada ya siku moja, na kwa dawa za polepole siku ya tatu. Wa maji wakiwa wazima na wa dawa wamekufa, dawa ni nzima; kasoro iko kwenye bomba, miguu au muda. Wa dawa wakiwa wazima pia, na chupa ni halali, hapo ndipo ubadilishe. Vaa glavu, na vyombo hivyo visirudi jikoni.

Kubadilisha maana yake ni kubadilisha kundi, si jina. Lebo nyingi siku hizi zina namba ya kundi la utendaji: 1A ni karbameti, 1B organofosfeti, 3A pairethroidi, 4A neonikotinoidi, 28 dayamidi. Chupa mbili zenye rangi na majina tofauti zikiwa zote 3A, umenunua kitu kile kile mara mbili. Kuchanganya hizo mbili kwenye bomba moja, jambo linalofanyika kila siku, ni kuongeza dozi kwa njia ya mzunguko.

Wadudu wamekufa, lakini hesabu haikai

Kulinganisha chupa kwa bei yake ni kosa la hesabu. Chukua bei ya chupa, gawa kwa mililita zilizomo, zidisha kwa dozi ya hekta. Hiyo ndiyo bei ya kupuliza mara moja. Dawa A ya mililita 100 inayohitaji mililita 150 kwa hekta inaweza kuwa na bei mara tano ya dawa B ya ujazo huo huo inayohitaji lita moja, na bado A ikawa nafuu: A ni chupa moja na nusu, B ni chupa kumi. Kisha ongeza kibarua na idadi ya mara utakazorudia. Dawa rahisi inayoua buibui na kukulazimisha kurudi mara tatu si rahisi.

Upande wa pili wa mizani ni mavuno yatakayookolewa. Kadiria kilo utakazopoteza usipopuliza, zidisha kwa bei unayouzia. Kiasi hicho kisipozidi gharama ya dawa na kibarua kwa uwazi, waache wadudu na ukalale. Daima acha pia ukanda mmoja mdogo usiopulizwa, wenye alama. Bila huo hutajua kamwe kama ni dawa iliyowamaliza au walikuwa wanakwisha wenyewe, jambo linalotokea mara nyingi kuliko wauzaji wanavyopenda kusikia.

Gharama nyingine hazipo kwenye risiti. Pairethroidi huua samaki kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo ziba matoleo ya maji, na kwenye jaruba lenye samaki usiitumie. Mstari wa rangi chini ya lebo huonyesha kiwango cha hatari: mwekundu ndio mkali zaidi, kisha njano, bluu, kijani. Kati ya dawa mbili zinazofanya kazi sawa, chukua ile iliyo karibu na kijani. Buti, glavu, mikono mirefu na barakoa huvaliwa kuanzia kwenye kuchanganya, maana dawa nzito ndiyo hatari kuliko ile ya kwenye bomba. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye lebo. Zisome kabla ya kununua, hasa kwa kunguni wa mpunga, wanaokuja mavuno yakiwa karibu.

Na chupa ikiisha, weka maji robo yake, tikisa, mimina ndani ya bomba; fanya hivyo mara tatu ukiwa bado shambani. Dawa iliyoganda kwenye kuta za chupa umeilipia tayari. Kisha itoboe isichotewe maji na mtu mwingine.